Maharage ya Jana Tumboni Mwangu

Dodoma

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba, naijibu shikamoo yako kabla haijanifikia. Hujambo na wanao? Mama yetu miguu bado inavimba? Hapa kwa mwanangu Rehema tuko salama, maji yanatoka bombani hadi jikoni, sijajitwisha ndoo tangu nije. Na Rehema, uuguzi wake si wa mchezo: akiingia wodini hata madaktari wanamsubiri aseme. Mtoto wa Ujiji huyo, nimemzaa mimi.

Sasa nisikilize. Nimepata ujumbe wako, kwamba wifi yangu Tatu naye anashiba kwa tonge mbili, anatapika, na anawatangazia watu wa Rusimbi kuwa nimemroga nikiwa huku huku Dodoma. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Unaikumbuka siku ile kwake, mahari ya binti yake ilipoletwa? Nilikula tonge mbili na kipande cha samaki mgebuka, tumbo likajaa kama ngoma, nikanawa. Tatu akaivuta sahani yangu, akaimaliza mbele ya wageni. "Tazameni! Nakula, sifi! Wifi anadhani nimemtilia sumu!"

Nikainuka kwa aibu, nikatapikia uani. Yakatoka maharage mazima mazima, na siku ile hayakupikwa maharage. Ndipo akasema, "Haya kayala wapi? Muulizeni, usiku huwa anakula na kina nani!"

Tangu hapo hakuna aliyenunua mawese yangu, na akina mama wakawavuta watoto wao wasipite mlangoni kwangu. Ndicho kilichonihamisha. Nimeitwa mchawi, Zuhura, kwa maharage niliyokula jana yake, tena kwako Gungu!

Rehema akanipeleka hospitali. Nikafunga kula tangu jioni, asubuhi wakanipitishia kooni mpira wenye kamera. Wakakuta wali wa jana umekaa pale pale, na hakuna kilichoziba njia. Daktari akasema tumbo langu linachelewa kusukuma chakula kwenda utumboni. "Mama, una sukari?" Wakapima, sina. Kumbe wapo wanaougua hivi bila sukari, wengine baada ya upasuaji au homa, wengine sababu haionekani, kama mimi. Mama wa kitanda cha pili yeye anayo miaka mingi. Sukari ikikaa juu muda mrefu huiharibu mishipa ya fahamu inayoliamrisha tumbo. Sasa nakula kidogo kidogo, mara nyingi, vitu laini, mafuta kidogo, na nikimaliza kula sijilazi. Nimenawiri, ukiniona utadhani mimi ndiye mdogo.

Na Tatu ana sukari tangu lini? Si anajichoma sindano kila siku? Basi nenda kwake. Uwaite wanawake wale wale waliokuwa uani, umsomee barua hii kwa sauti, ajue mchawi wake ni sukari yake mwenyewe. Akikwambia nyamaza, pandisha sauti. Ukimaliza, mpakie bodaboda umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari habari ya sindano, maana akijichoma na chakula kikagoma kushuka, sukari inaporomoka, anaweza kuzimia asiamke. Kipimo cha dawa asikibadili mwenyewe, akipange daktari.

Nisalimie mama, shemeji yangu fundi nyavu, na shangazi yetu wa Simbo. Mwambie mihogo yake naiota.

Wala usidhani nimemsamehe Tatu. Akifa, nani ataniomba radhi? Mtunze awe mzima. Nikishuka kwenye treni Kigoma, nataka nimkute amesimama na wale wanawake wake, aseme kwa mdomo ule ule, "Wifi, nilikusingizia." Nami sitamjibu upesi. Nitapokea mizigo yangu yote kwanza, mmoja mmoja, yeye akingoja juani.

Dada yako akupendaye,
Mama Rehema