Besi ya Baba Kwenye Pikapu ya Baba Mdogo

Baba,

Ni mimi, Tumaini wako. Bado niko hapa Iyunga gerejini, na ovaroli ninalovaa ni lako. Mikono yake nimeikunja.

Siku ya kuanua matanga yako, baba mdogo alisema mbele ya ukoo gereji ifungwe na vifaa viuzwe, eti mtoto wa kike hawezi kufunga muziki wa magari.  Moyoni nilisema, hapa sitoki.

Juzi akaja kutoka Kalenga na pikapu kubeba vitu. Nilimsikia kabla sijamwona. Kumbe kabadilishiwa spika za milango huko Iringa mjini, na zile twita za kiwandani, vispika vya sauti nyembamba pale kwenye dashibodi, zinapiga kelele juu ya spika mpya. Zinachoma masikio. Nikamwamkia, "Kamwene, baba mdogo." Sanduku lako la vifaa alishalipakia. Nikamwomba aniachie gari mpaka mchana nimrekebishie sauti, na ikiendelea kumkera, abebe hata meza. Akacheka, akakubali. Nadhani alinihurumia tu.

 Ulizoea kuniambia, "Akina mama wa soprano hawahitaji msaada wako. Watafute kwanza wazee wa besi." Basi nikaweka ule wimbo wa kwaya yenu uliokuwa unajaribia kila gari. Wazee hawasikiki kabisa. Nikafungua mlango wa kushoto, nikakuta waya zimeungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Spika moja inasukuma, ya pili inavuta, besi inafia katikati. Nikazigeuza. Matundu ya milango nikayaziba, besi isivujie humo. Twita sikuzikata kama wanavyofanya wengi, niliziwekea rizista ndogo zipungue ukali.

Nikamwita akae kwenye usukani. Ubeti wa pili wanaume wakaingia, na wewe ukawa unasikika wazi kabisa, mpaka kile kikohozi chako kabla ya kiitikio. Sikuwa nimejiandaa. Nililia palepale, bisibisi mkononi.  Baba mdogo aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza wote. Halafu akashuka, akalibeba sanduku lako mwenyewe, akalirudisha ndani.

Gereji haifungwi, Baba. Pumzika sasa. Kila gari nitalijaribu kwa wimbo ule, na halitatoka hapa mpaka nikusikie.

Mwanao,
Tumaini