Maboga ya Fundi Injini

Tarehe 4 Machi

Binti yangu,
Hujambo? Na wagonjwa wako je? Mimi mzima, ila mkono wa kulia ungali mkaidi tangu kile kiharusi. Gereji ndiyo basi tena. Spana inaniponyoka kama samaki. Wiki tatu nimekaa ndani natazamana na ukuta. Jana nimepanda mbegu za maboga nyuma ya nyumba, kama ulivyoniamuru, Bi Nesi. Injini haidai kumwagiliwa, lakini haya, tutaona.
Baba yako

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,
Salamu nyingi. Afya si haba. Moyo ndio umeingia simanzi. Maboga yalitambaa vizuri, nikawa natoka asubuhi na kiti changu kuwatazama nyuki wakizama kwenye maua. Hata usingizi ulirudi. Juzi jirani akapiga dawa nyanya zake jua likiwaka. Nyuki nimewaokota chini wamekufa, kiganja kizima. Sasa kila kiboga kichanga kinanyauka na kudondoka. Nataka kung'oa yote.
Baba

Tarehe 14 Mei

Baba,
Shikamoo. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika. Using'oe! Nimemuuliza mtunza bustani wa hospitali. Asubuhi na mapema chuma ua dume, lile lenye kikonyo kitupu, usugue unga wake wa njano ndani ya ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake. Tumia mkono wa kulia. Najua utanung'unika. Na jirani mwendee mzungumze. Kununiana hakuzai boga.
Nesi wako

Tarehe 2 Julai

Baba,
Shikamoo. Wiki saba bila neno! Kama umeng'oa, sema tu, sitagomba. Nijue unapumua.
Bintiyo

Tarehe 11 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Napumua, tena kwa maringo. Nilikuwa kazini. Siku ya kwanza nilivunja maua manne, mkono wa kulia ukigoma, nikatoa maneno ambayo mama yako asingeyapenda. La tano likakubali, kama plagi inavyokaa mahali pake. Ikawa hivyo kila asubuhi. Jirani nilimwita aje aone ninavyofanya kazi ya nyuki aliowaua. Akasema, "Mzee, wallahi sikujua." Siku hizi hapigi dawa maua yakiwa wazi. Nyuki wamerudi, na wananidharau: kazi yangu ya saa nzima wao wanaimaliza kwa dakika. Maboga kumi na moja! Kubwa lao nimelibeba mwenyewe hadi gereji. Vijana walizima injini zote, wakasimama.
Baba, fundi

Tarehe 20 Julai

Baba yangu,
Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa heshima ya maboga. Barua yako nimeisoma kwa sauti wodini. Kuna mama wa kitanda cha dirishani, naye kiharusi, aliyekuwa hataki hata kugeuza shingo. Amegeuka. "Niombee mbegu kwa huyo fundi," kasema. Zitume upesi. Kisha akauliza kama fundi huyo ni baba wa kunizaa au wa heshima tu. Nikasimama wima, nikamjibu wodi nzima isikie: "Baba yangu mzazi."
Bintiyo