Jiwe Jeupe la Dabani

Jumatatu, 8 Agosti 1966. Tororo.
Tumegonga mawe tena tangu asubuhi. Walimu wazima, nyundo mkononi, jasho. Atakayemaliza kozi hii atafundisha jiolojia na uchimbaji, atapandishwa daraja. Ndiyo maana nauvumilia uji wa hapa. Kesho kila mtu aonyeshe jiwe la kwao. Langu jeupe. Nililiokota kwetu Dabani, karibu na mpaka wa Kenya, kwenye shamba la muhogo la Mama.

Jumanne, 9 Agosti
Mkufunzi alilitwanga jiwe langu, akaosha unga wake kwenye karai. Dhahabu! Chembe tu, lakini darasa zima lilishangilia. Nami nikacheka kama mjinga. Halafu akasema anataka ramani ya mahali lilipotoka, Ijumaa. Kilicho chini ya udongo ni mali ya serikali. Bila ramani, hakuna cheti.
Sijala.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimeomba ruhusa kwenda nyumbani. Nimenyimwa. Mama amekuja mwenyewe. Habari ya dhahabu haihitaji baiskeli. Alikataa kukaa.
“Wewe nachora, watu nakuja kuchimba. Baba yako nalala pale. Mimi nakwenda wapi?”
Nikichora, namfukuza Mama. Nisipochora, nabaki daraja la chini mpaka uzee. Namchukia mkufunzi. Najichukia kwa kuinama kuokota.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimepata upenyo. Alama nimeiweka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, shambani kwa Mjomba Ouma, ndugu yake Mama. Serikali ya Uganda itachimbaje Kenya? Mkufunzi akaguna, akatia sahihi. Nimerudi bwenini nikipiga mluzi.

Jumapili, 9 Oktoba. Dabani.
Cheti ninacho.
Mjomba amevuka leo baada ya misa, kuku kwapani. Kuna watu wamepigilia vigingi shambani kwake. Wanasema wanafuata ramani kutoka Tororo. Kumbe mkufunzi ana wenzake kule. Sikuliwaza hilo hata kidogo.
Mjomba hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.
“Mpwa wangu, mwalimu wa mawe kwetu ni wewe tu. Twende ukawaambie pale hapana kitu. Wewe watakusikia.”
Niende, mkufunzi ajue nilidanganya. Nisiende, Mjomba ahame. Mama ananitazama. Hajui alama niliiweka wapi. Nimesema nitafikiria.
Kuku amechinjwa. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, Mama akamwekea Mjomba. Mjomba akaisukuma kwangu, apewe mwalimu.
Nimeila.