Binti Yangu Anakwenda Kupima Chini ya Bahari ya Barafu, Nami Nimemnyima Baraka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kichwa changu kitulie, kwa maana tangu Jumapili sijui kama nimelea msomi ao nimelea mpelelezi wa wachimbaji wa madini. Mimi ni mkulima wa maharagwe hapa Kibabi, Kivu, binti yangu Astrid anasoma jiofizikia Ulaya, na Jumamosi anapanda meli kwenda bahari ya barafu, kaskazini kabisa ya dunia, ambako watavuta nyuma ya meli kamba ndefu yenye vyombo vya kusikiliza, wapige mshindo wa hewa majini, mwangwi urudi kutoka kwenye miamba iliyo chini, nao wasome humo jinsi mabara yalivyoachana zamani, na mimi aliponipigia simu Jumapili nikamuuliza nani analipa, akasema serikali ya huko, nikauliza inapata nini, akasema, "Kujua tu, Papa." Mdogo wangu Barthélemy, aliyekuwa anasikiliza, akacheka: "Muzungu alipe bateau, meli nzima, juu ya kujua tu? Basi na mimi nitakodi ndege juu ya kulala."

Mshauri, hapa kwetu wa kwanza walikuja na vyombo vya kupima kilima, watu wapole, wakala maharagwe yetu, wakasema ni utafiti. Nyuma yao wakaja wachimbaji, nyuma ya wachimbaji bunduki, na shamba la mama yangu sasa ni shimo. Kwa hiyo nilikataa kumbariki, naye analia, anasema bila maombi ya baba hapandi meli, na asipopanda anapoteza nafasi yake ya masomo. Nifanye nini?

Jean-Bosco, Kibabi

Papa Jean-Bosco,

Swali lako ni zuri, ila umelitupa kwa mtu asiye na kosa. Waliopima kilima chenu mliwapikia, hamkuwauliza hata jina la bosi wao. Leo ukali wote unamwangukia mtoto wako. Hiyo ni hasira iliyokosa mahali pa kwenda.

Astrid hajakudanganya. Kujua jinsi dunia inavyopasuka ni kazi kamili, hasa kwa mtoto wa Kivu, ambako ardhi ingali inapasuka chini ya miguu yetu. Lakini na wewe hukukosea kuogopa. Ramani ikishachorwa, anayetafuta mafuta anaisoma sawa na anayetafuta elimu. Na usidhani kule hakuna watu: pwani za barafu zina wawindaji wa sili na nyangumi, na mshindo ule unaweza kufukuza wanyama wao. Je, waliulizwa?

Basi mpigie simu leo. Mwambie awaulize wakubwa wake, mbele ya wenzake wote: matokeo yatawekwa wazi kwa kila mtu ao yatafichwa? Wenyeji walikubali? Wakimwona msumbufu, awe msumbufu. Meli ya wasomi isiyo na mtu wa kuuliza hivyo ndiyo ya kuogopa.

Ila usiifanye baraka yako kuwa malipo ya majibu mazuri. Mbariki kwanza, aulize baadaye. Binti aliyekataliwa na baba yake atapata wapi nguvu ya kubishana na bosi?