Mke Mwenza wa Kioo

Borculo,
Jumapili, 24 Novemba 1996

Dada yangu mpenzi Aleida,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na nyonga yako mpya, na Mungu aizidishie nguvu, maana najua hukai chini hata ukiamriwa na daktari. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio, lakini natembea. Mzee wangu Wiebe anakula vizuri. Jana kamaliza bakuli mbili za supu ya njegere, na soseji yangu akaichukua pia, akadai nilikuwa naitazama tu. Kwa hiyo tunashukuru.

Barua yako nimeipata, pamoja na picha za ile fleti ya Zutphen. Ni nzuri, sikatai. Lifti ipo, kibaraza kipo, na wewe uko mlango wa pili na birika lako la kahawa. Umesema wenye jengo wanataka jibu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi mwezi ujao, na umenikumbusha sharti lao kwamba tangi la samaki lisizidi lita sitini, na letu ni lita mia nne. Ukaongeza, kwa wino mzito, kwamba yale ni maji na majani tu, nisilete utoto. Jibu utalipata humu humu. Ila nivumilie nianze mbali, kwa sababu nina jambo la kukiri, na siwezi kulitamka nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Unajua nilivyoishi na lile tangi. Miaka thelathini na minane nimeliita mke mwenza, tena mke mkubwa, kwa kuwa nililikuta ndani siku naingia na sanduku langu. Kila Jumamosi Wiebe alikuwa nalo, mikono majini hadi mabegani, mkasi huku, kibano kule, na mimi na kikombe changu. Hasa kwa ajili ya ile mimea myekundu ya upande wa nyuma. Mingine ukiitupia humo inaota tu, lakini hiyo myekundu inadeka. Inataka maji ya mvua, inataka taa kali, inataka gesi ya kaboni itoke kwenye mtungi, vipovu vidogo vidogo mchana kutwa. Ikikosa kimoja inasusa. Ukiipa vyote inarefuka mpaka inagusa uso wa maji, ndipo unakata vichwa, unang'oa mashina ya chini na kuyatupa, na vile vichwa unavipanda upya, vifupi mbele na virefu nyuma, ionekane kama mtaa unaopanda kilima. Halafu unaiacha wiki tatu ipumue. Wiebe alikuwa akinibembeleza nitie mkono wangu humo, angalau nishike mche mmoja. Nami nilimjibu siku zote kwamba wake wenza hawasukani nywele.

Alichotuambia daktari mwezi wa Mei kuhusu kumbukumbu za Wiebe unakijua. Kilichofuata hukijui. Mwezi wa Juni ile mimea ilianza kudhoofika, vichwa vikajikunja na mwani ukashika majani. Sababu yake nitaisema, usinikimbize. Na kuanzia hapo Wiebe akawa anakata ovyo. Alikata Jumamosi, akakata tena Jumatatu akidhani ni Jumamosi, akakata Jumatano. Nikimwambia leo si Jumamosi, ananiuliza kwa upole kama nina hakika. Kabla Julai haijaisha, mtaa mzima ulikuwa visiki.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo na mkasi mkononi, na hakuna cha kukata. Kahawa yake ilikuwa imepoa na kuweka utando. Akaniuliza wamehamia wapi, kama mtu anayeuliza habari za majirani. Moyo uliniuma, Aleida, siwezi kukuficha. Nilijibu kwamba watarudi, nikaenda kuchukua baiskeli yangu.

Nilikwenda kwa Bertus Oonk, yule mwoka mikate mstaafu ambaye ni katibu wa chama chao cha matangi. Aliponiona mlangoni aliuliza kama Wiebe amekufa, maana kwa Fenna kuja kuomba mimea, lazima pawe na msiba. Nilipomweleza akaacha utani. Alinifungia vichwa ishirini katika gazeti lililoloweshwa, akanifundisha kukata chini kidogo ya pingili, kuondoa majani ya chini, na kuuchomeka mche kwa kibano, mmoja mmoja, umelala kidogo ili usichomoke. Akaniambia maji hayaumi. Siku ya kwanza nilipanda miche kumi, na minane ikaelea juu kabla sijafuta mikono. Niliitukana kwa maneno ambayo mama angenipigia kofi.

Sasa sikia hili na usikasirike. Kile chumba unacholala kila Krismasi hakina tena kitanda. Kitanda kimesimamishwa ukutani, na mahali pake pana mabeseni matatu chini ya taa, na mtungi wa gesi ambao Bertus alinipandishia ngazi huku akihema. Humo nakuza mimea myekundu ili isikosekane. Wiebe, baada ya mkate wake wa mchana, hulala kwenye kochi na gazeti usoni, kuanzia saa saba hadi saa tisa. Hapo ndipo nashuka na bakuli langu na kupanda. Kesho yake asubuhi anaikuta imesimama, anasema imependeza, anaikata, na siku yake inakuwa siku. Ndiyo hivyo, mimi niliyemnunia mke mwenza miaka yote hiyo, nikawa ndiye ninayemlisha.

Halafu ukaja mwezi huu na ukaguzi wa chama wa kila mwaka. Wewe umeuona, ule wa jaji anayekuja nyumbani na mkoba wake wa vichupa, anapima maji, anahesabu samaki, kisha anakaa saa nzima mbele ya kioo bila kusema neno. Bertus alishauri mwaka huu tupishe. Lakini Wiebe, anayesahau kama amevaa soksi, alikuwa ameizungushia duara tarehe kumi na sita kwenye kalenda na haikumtoka. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, kwamba mtu asije kumwaibisha mume wangu sebuleni kwake.

Ijumaa mchana nilipanda mtaa wote upya, miche arobaini. Jumamosi saa mbili na nusu nashuka, nakuta ameshaukata wote sawasawa, kama aliyepitisha mashine ya nyasi, naye anapangusa mkasi kwa furaha. Jaji alikuwa aje saa nne. Nilimtuma Wiebe akanunue keki, nikapanda ngazi na goti hili hili, nikakusanya kila kilichokuwemo kwenye mabeseni, na nikapanda nikiwa nimevaa ile blauzi ya kanisani. Nilipomaliza, mkono mmoja ulikuwa mkavu na mwingine ungeweza kuukamua.

Jaji, bwana mmoja mrefu aitwaye Nijhuis, alikaa, akatazama. Mwishoni akamwuliza Wiebe mara ya mwisho alikata lini. Wiebe akasema leo asubuhi. Nijhuis akashangaa, akasema hakuna anayekata siku ya ukaguzi, na hii aionayo imepandwa haijatimiza hata saa mbili, majani bado yamelegea. Akauliza nani amepanda. Nilikuwa nakata keki, nikasimamisha kisu. Wiebe akajibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye hukata na mke wake hupanda, na kama bwana ana swali kuhusu upandaji, amwulize bibi pale mwenye mkono uliolowa.

Alama za mtaa mwekundu zilikuwa mbovu, nisikufiche. Lakini pembeni Nijhuis aliandika kwamba upandaji ni wa mtu mvumilivu. Bertus aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Mgeni alipoondoka nilimfuata Wiebe jikoni nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu kiangazi. Alisema katika chama kizima hakuna apandaye hivyo, mstari umenyooka, kidole kimoja kati ya mche na mche, kama ninavyopanda vitunguu vyangu bustanini. Kisha akaniambia hivi, na ninaandika kama alivyosema. Siku nyingi anakata kwa kuwa amesahau, hilo analijua. Lakini zipo siku anazojua vizuri kabisa kwamba ni Jumanne, na anakata vile vile, kwa sababu akikata asubuhi, mchana nitakuja kutia mkono majini, naye hujilaza na kunitazama kwa chini ya gazeti. Akasema amengoja sana kuniona hivyo.

Hapo nilishindwa, dada. Nililia mbele ya sinki, na nikamwambia lile ninalokuambia wewe sasa.

Unakumbuka Juni, tulipoongea kwa simu, ulisema ingekuwa heri tangi lijifie lenyewe, Wiebe asingelilia na tungehama kwa amani. Ulisema kwa mzaha. Mimi sikulichukua kwa mzaha. Siku ile ile nilifunga gesi. Nilizungusha kile kijigurudumu cha mtungi mpaka vipovu vikakoma, nikaenda kuanika nguo. Siku kumi na moja, Aleida. Niliona mimea ikijikunja, sikusema. Siku ya kumi na mbili Wiebe alikuta mtungi umefungwa. Hakumuuliza mtu. Alikaa kwenye kiti, akasema taratibu kwamba sasa amekwisha, kwamba ameweza kusahau hata gesi. Nami nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha nguo, nikanyamaza. Tangu siku hiyo mkono wake haukujiamini tena, na nadhani ndiyo sababu alianza kurudia rudia ule mkasi. Mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo.

Nilingoja anifokee. Ilikuwa haki yake. Yeye akauliza ni siku ngapi. Nikasema kumi na moja. Uso wake ukafunguka, sijui niuelezeje, kama siku aliposikia mama yake amepona. Akanishika mkono uliokuwa bado na harufu ya tangi, akasema: "Basi lile la gesi halikuwa langu."

Kwa hiyo jibu ni hapana. Fleti na wapewe wengine, nawe nisamehe kwa usumbufu, najua ulivyohangaika kwa ajili yetu. Siku ikifika ambayo siwezi peke yangu, nitakuambia mimi mwenyewe, sitangoja uone. Mpaka hapo tunabaki na maji yetu na majani yetu. Krismasi njoo kama kawaida, tutakutandikia kwenye kochi, ila saa saba hadi saa tisa kochi lina mwenyewe.

Jambo moja tu la mwisho. Yale niliyomwambia jikoni hayakumkaa kichwani. Siku mbili baadaye nilimkuta mbele ya mtungi, ananiambia kwa aibu kwamba Juni aliwahi kusahau gesi. Nikamwambia tena kwamba ni mimi. Nimeshasema mara nne sasa, na haizoeleki, kila mara ulimi unakuwa mzito kama mara ya kwanza. Lakini naye kila mara hufurahi kama mara ya kwanza. Nitaendelea kumwambia kadiri atakavyosahau.

Wiebe anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Bertus naye anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana. Ndani ya bahasha kuna herufi yako ya chokoleti ya Mtakatifu Nikolasi, A kubwa. Ikifika imevunjika, ujue nimeifunga kwa mkono mmoja, mwingine umelowa.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Fenna