Masanduku Matatu ya Bwana Merali

Jumapili. Mvua inanyesha Kampala tangu asubuhi, na nashukuru, maana hakuna mgeni atakayekuja. Leo sitaki kutazamwa na mtu.

Jumatano shule moja hapa Nakawa ilinialika nizungumze na wanafunzi kuhusu vitabu nilivyokusanya maisha yangu yote. Msichana mmoja akaniita babu kwa Kiganda, akauliza, "Jajja, vitabu vyako vya kwanza ulivipata wapi?" Nikamjibu kwamba baba yangu alininunulia. Wakapiga makofi.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi. Hakuwahi kununua kitabu hata kimoja.

Nimewadanganya watoto, na umri wangu ni zaidi ya miaka sabini. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Basi niandike.

Wanajeshi walipochukua nchi, nilikuwa kijana, karani katika maktaba ndogo mjini. Niligonga mihuri na kurudisha vitabu rafuni. Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Lakini nyumbani, kwenye kota za polisi, sikuwa na kitabu changu mwenyewe, na jambo hilo liliniuma kama njaa.

Msomaji wetu mkubwa alikuwa Bwana Merali, Mhindi muuza vitambaa. Serikali ya kijeshi ilipowapa Wahindi siku tisini waondoke nchini, alikuja kurudisha vitabu vya maktaba, vyote, hakikukosekana hata kimoja. Kisha akaniomba nimhifadhie vyake, masanduku matatu.

"Nimempa Mwalimu Nakato," akasema. "Atakuja kuvichukua. Wewe nitunzie tu mpaka aje."

Nikavipeleka nyumbani. Nilifungua sanduku la kwanza nione tu. Wiki ilipokwisha, nilikuwa nimeandika jina langu ndani ya kila kitabu.

Mwalimu Nakato alikuwa akifundisha shule ya msingi Kyebando. Alipokuja maktaba kuniulizia, nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia askari wa jeshi walinisimamisha njiani wakachukua masanduku yote.

Miaka ile uongo wa namna hiyo haukuhitaji ushahidi. Nani angebisha?

Yeye hakubisha. Ila alikuwa amemwahidi Bwana Merali, na akaamua kwenda kambini kuviulizia. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu kambini watu husemeshana Kiswahili, na yeye alijua cha kusalimia tu. Mimi, mtoto wa kota za polisi, nimekulia katika Kiswahili. Tulikuwa wawili tu pale mezani. Neno moja lingetosha kumzuia.

Nikamwambia nina kazi nyingi.

Alikwenda peke yake. Alirudi siku ya tatu, mkono wa kulia umevunjwa. Mfupa uliunga vibaya, akalazimika kujifunza upya kuandika ubaoni, kwa mkono wa kushoto. Habari hizo nilizisikia. Sikwenda kumwona.

Nilikuwa nyumbani nasoma. Na, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia.

Jana nilikwenda Kyebando kwa Mwalimu Nakato. Ni bibi wa miaka themanini na kitu sasa, macho bado makali. Binti yake alinipa kiti nikakikataa, nikaeleza yote nikiwa nimesimama.

"Vitabu ile ilikuwa ya watoto," akasema Mwalimu nilipomaliza. Kiswahili chake amejifunza ukubwani, sokoni na kwa majirani. "Mimi na Merali tulipata chumba pale shule. Tulitaka kufungua maktaba."

Sikulijua hilo. Sikuwahi hata kuuliza alivitaka vya nini.

"Na unajua nani aliambia Merali akupe wewe?"

"Hapana, nnyabo," nikajibu kwa adabu, kama mtu anavyomwita bibi wa heshima.

"Ni mimi. Nilisema, yule kijana wa maktaba anapenda vitabu sana. Kwake haiwezi kupotea."

Nilipiga magoti pale barazani, nikamwomba radhi. Akautazama mkono wake uliopinda, kisha akanitazama mimi.

"Ya mkono siwezi kukujibu leo. Vitabu, leta."

Na hapa ndipo penye aibu ninayoiona ngumu kuliko zote kuiandika. Nikiwa bado nimepiga magoti, mdomo wangu ukauliza, "Vyote?"

Binti yake aligeuza uso. Mwalimu hakugeuza.

"Vyote, ssebo. Shule bado iko, na chumba bado iko. Wameweka majembe ndani. Utaleta wewe mwenyewe, na utaambia watoto ilitoka wapi."

Nikasema ndiyo.

Leo tangu asubuhi napanga vitabu kwenye maboksi. Nimeishi navyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na marehemu mke wangu. Nilidhani kwamba baada ya kuungama, mikono yangu ingeviachia kwa urahisi. Sivyo. Saa nane mchana nimejikuta nimekitoa kimoja, nimekiweka kando, na gazeti juu yake. Hakuna aliyeniona. Nimekirudisha. Nusu saa baadaye nimekitoa tena.

Mtu huwa mwizi mara ngapi kwa kitu kilekile?

Nimekirudisha, nimefunga maboksi kwa utepe wa gundi, na nimempigia simu dereva mwenye pikapu aje sasa hivi. Amelalamika kwamba ni Jumapili, kwa nini nisisubiri kesho.

Nimemwambia aje. Nikisubiri kesho, najijua.