Wimbo wa Uwesu

Muscat, 3 Juni 2024

Mwanangu Shadya,
Hujambo? Bibi yako anaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku halisemeki. Mwalimu Severa kanipigia. Anasema tangu mvua ziishe huongei na mtu darasani, kwa hiyo kakuingiza kwenye kikundi chake cha ngoma na uchoraji, pamoja na wenzako wanaokaribia kuacha shule. Umepatwa na nini? Na Uwesu mbona hapokei simu? Mwambie mdogo wako namuulizia.
Mama yako

Kariakoo, 12 Juni 2024

Shikamoo mama,
Sisi wazima. Uwesu yuko Lindi kwa baba mkubwa, mtandao kule unasumbua. Mwalimu Severa hatulazimishi kusema. Jumatano tunakaa chini, anatuambia, "Pigeni ngoma kama mnavyojisikia." Nilipiga mpaka Awadhi, anayekaa pembeni yangu, akaniuliza, "Unampiga nani?" Nikaendelea kupiga. Usiwe na wasiwasi.
Mwanao Shadya

Kariakoo, 22 Agosti 2024

Shikamoo mama,
Kama uko na watu, usisome kwanza.
Jana mwalimu alituambia kila mtu amwimbie anayemkumbuka. Nikaanza kuimba jina la Uwesu, nikashindwa kuacha. Wenzangu wakanipigia ngoma taratibu mpaka nikamaliza. Mwalimu akaniuliza, "Mama anajua?" Nikasema hapana.
Mama, Uwesu hayuko Lindi. Mwezi wa nne maji ya Jangwani yalimchukua akitoka shule. Alipatikana kesho yake, tukamzika Kisutu. Bibi alinikataza kukwambia, aliogopa utachanganyikiwa ugenini peke yako. Nikawa kila nikifungua mdomo naona litatoka hilo. Ndiyo maana nilinyamaza.
Nisamehe.
Shadya wako

Kariakoo, 3 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Uko salama? Bibi analia tu, anasema nimekuua. Nijibu hata neno moja.
Shadya

Muscat, 19 Septemba 2024

Marahaba mwanangu,
Nilikuwa siwezi kuishika simu. Nilianguka jikoni, wakanilaza. Nimeomba kuja, tajiri kakataa mpaka mkataba uishe mwakani. Bibi mwambie simchukii, ila sauti yake kwa sasa siwezi kuisikia.
Wewe hukuniua. Muda wote huu nilikuwa namwombea Uwesu afya, na afaulu mtihani, kumbe yuko kaburini hana dua ya mama yake. Sasa najua nimwombee nini.
Jumatano usikose kwenda kwa mwalimu.
Mama yenu